Zamu Yangu, Zamu Yake

Jumanne, Machi 10
Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, bila kupiga hodi. Nimewahi kuingiza cherehani ndani, lakini sare mbili za shule zimelowa mabegani. Naandika nyuma ya daftari la vipimo kwa sababu kurasa za mbele zimejaa viuno na mikono ya watu. Sijawahi kuandika mambo yangu. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo nimeandika inchi tu.

Mke wangu alifariki Januari. Kila jioni tukifunga duka nilikuwa namsimulia siku ilivyokwenda, nani kalipa, nani kanenepa. Sasa naliambia daftari.

Leo ilikuwa zamu yangu. Nimemeza. Vimebaki thelathini.

Jumatano, Machi 11
Zamu yake. Sikumeza.

Alhamisi, Machi 12
Zamu yangu. Ishirini na tisa. Mvua.

Ijumaa, Machi 13
Duka langu ni chumba kimoja, na nyuma yake ni chumba tunacholala. Nimeandika tunacholala. Ninacholala. Mbele kuna barabara, na ng'ambo ya barabara kuna zahanati. Dirisha la chumba namba tisa linatazama duka langu, na ndani yake kuna benchi refu. Kila Ijumaa benchi hilo hukaliwa na watu wanaokuja kuchukua dawa za virusi vya ukimwi. Ukikaa kwenye cherehani yangu unawaona kuanzia kifuani kwenda juu, kama picha za pasipoti.

Jirani yangu hapa barazani ni fundi viatu. Watu wote wanamwita Gundi, maana mikono yake haijawahi kukauka. Kila anayeonekana akivuka kwenda kule husema anafuata dawa za presha, na Gundi ana mzaha wake wa miaka yote: "Jengo lile lina presha kuliko tairi la lori." Nami nilikuwa nacheka. Nilicheka hata Ijumaa ambazo mke wangu alikuwa amekaa pale, wa tatu kutoka dirishani, na mtandio wake wa zambarau. Wateja wakiuliza, nilisema ana presha.

Leo benchi lilijaa. Sikuinua uso kwenye pindo mpaka saa saba mchana.

Zamu yake.

Jumapili, Machi 15
Hakuna kazi leo, na paa linavuja pale pale. Acha niandike jambo lenyewe, daftari halina macho.

Mke wangu alipimwa miaka minne na nusu iliyopita, akaanza dawa, akanawiri mpaka nikampanulia magauni mawili. Miaka miwili baadaye nikaanza kukonda mimi. Akaniletea kile kipimo cha kujipima nyumbani kwa mate. Tukakaa kitandani tukingoja dakika ishirini, kama watu wanaongoja chai ichemke. Mistari miwili. Akasema, "Haya, fundi wangu. Ijumaa tunakwenda wote." Nikasema Ijumaa hii hapana. Nikasema wiki ijayo. Nikasema nikishamaliza sare. Fundi cherehani hakosi uongo: bado vifungo tu, njoo kesho. Nilimfanya mke wangu mteja.

Sikuogopa ugonjwa. Niliogopa lile dirisha, na nani angekuwa upande huu akicheka.

Alinisubiri miezi mitatu. Nikatoka vidonda mdomoni, nikawa siwezi hata kumeza uji. Asubuhi moja akaweka kidonge chake kwenye kisahani, akakisukuma mpaka mbele yangu. Akasema, "Leo wewe, kesho mimi. Bora wote tupate nusu kuliko mmoja akose yote."

Sikumwomba. Lakini sikukataa.

Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka miwili. Ili tusichanganye siku, tulichora mistari ndani ya mlango wa kabati kwa chaki zangu za kukatia nguo: nyeupe siku yangu, buluu siku yake. Kila mtu alijichorea wake. Yeye alitumia mkono wa kushoto, na mistari yake imelala kidogo kama nyasi zilizopigwa na upepo. Wateja wanaoingia kule ndani kujaribu nguo hudhani ni hesabu ya oda.

Zahanati walikuwa wakihesabu vidonge vyake kila mwezi, na hesabu ilitimia, kwa sababu kila siku kilitoka kimoja. Damu yake ndiyo iliyokataa kutimia. Wingi wa virusi ukapanda. Sista aliyekuwa akimhudumia akamuuliza, "Mama, hizi dawa unameza au unawapa kuku?" Wakamwingiza kwenye darasa la watu wanaoacha dawa, Ijumaa sita. Angeweza kusema sentensi moja tu ya kujitetea, hakuisema. Siku ya kwanza alirudi anacheka, akanionyesha walivyofundishwa kumeza: piga funda la maji, inua kidevu, tabasamu. Nikacheka naye.

Januari alilazwa hospitali kubwa siku tisa, hakurudi. Kopo lake la mwisho, la vidonge tisini walilompa Desemba kwa ajili ya sikukuu, lilibaki hapa, kwenye droo ya cherehani. Mpaka leo siku zake namwachia.

Jumatatu, Machi 16
Zamu yangu. Ishirini na saba.

Jumanne, Machi 17
Zamu yake. Nimechora buluu kwa mkono wangu wa kulia. Mstari haukulala.

Jumanne, Machi 24
Sista alivuka barabara leo na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Nilipomwona tu, mguu ulikwama kwenye pedali.

"Fundi, pole sana na msiba. Sikupata nafasi ya kuja."

"Tumeshapoa, Sista."

"Nimekuja kwa kazi. Tumepata kitambaa cha pazia, la chumba namba tisa. Watu wanakaa pale kama samaki sokoni, kila mpita njia anachagua wake. Utakuja kuchukua vipimo?"

Gundi akadakia, "Sista, ukiweka pazia unatufungia sinema."

"Wewe ingia ndani kabisa, uone sinema vizuri," akasema Sista. Gundi akajifanya anatafuta sindano.

Halafu akanigeukia, sauti akaishusha. "Na wewe mwenyewe, fundi? Ulishawahi kuja kupima?"

"Mimi mzima, Sista."

Alinitazama kidogo, akafungua mwavuli wake.

Zamu yangu. Nilikimeza yeye akiwa bado katikati ya barabara. Ishirini na tatu.

Ijumaa, Machi 27
Nilikwenda kupima dirisha jioni, watu wakiwa wameshaondoka. Upana futi sita na nusu, urefu futi nne. Ilinibidi nipande juu ya benchi. Niliposhuka nikakaa ili niandike, nikajikuta pale pale, wa tatu kutoka dirishani.

Sikuwahi kufikiri kwamba dirisha lina pande mbili. Kutoka pale duka langu lote linaonekana, mpaka rangi za nyuzi zangu. Cherehani yangu inaonekana. Kichwa changu kingeonekana, kikiinama. Nilidhani nilikuwa nikijificha, kumbe nilikuwa kwenye picha. Alikuwa akiniona nikicheka.

Sista akauliza kama kipimo kimetimia. Nikasema kimetimia.

Zamu yake.

Jumatano, Aprili 1
Zamu yangu. Kumi na tisa. Mvua imeng'oa bati moja la Gundi. Amelifunga kwa kamba za viatu.

Ijumaa, Aprili 3
Zamu yangu. Kumi na vinane.

Sista aliita kutoka ng'ambo, "Fundi, pazia?"

"Bado pindo tu, Sista. Wiki ijayo."

Kitambaa sijakikata hata mkasi mmoja. Naona nikiliweka pazia lile, sitakuwa na kisingizio kilichobaki cha kutovuka.

Jumanne, Aprili 7
Nimekuta kwenye daftari hili, ukurasa wa mbele kabisa, vipimo vya mke wangu. Alileta kitambaa chake cha maua ya njano miaka mitatu iliyopita, akanilipia na vifungo kabisa, kwa utani, akidai risiti. Sikukishona. Wateja walitangulia. Mganga hajigangi, na mke wa fundi huenda na pindo lililofumuka.

Zamu yangu. Kumi na sita.

Jumapili, Aprili 12
Binti yangu alikuja jana, ameondoka leo jioni. Ni mwanangu wa pekee, anafundisha watoto wa chekechea kwenye mji mwingine. Alikuja kupanga nguo za mama yake. Nitajaribu kuandika kila kitu kama kilivyokuwa, nisiruke mshono.

Asubuhi tulikunja nguo. Alikuwa mkali kwa nguo, anazikung'uta kama zimemkosea. Nikamwambia, "Taratibu, mama." Akasema, "Baba, wewe hukusikia aliyoyasema daktari hospitalini. Ulikuwa nje. Alinisomea faili lote. Mama alikuwa anaacha dawa. Miaka miwili. Wamemfundisha, wamembembeleza, haachi kuacha."

Nikakunja sketi.

"Anajua ana mtoto. Anajua ana mume mzima anayemtegemea. Kidonge kimoja kwa siku, baba. Mimi watoto wangu wa miaka minne wanakumbuka kunawa mikono."

"Mama yako hakuwa mzembe," nikasema.

"Basi niambie alikuwa nini."

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wazi. Nilikuwa na maneno mdomoni, nikayasikia hata ladha yake. Nikasema, "Alikuwa amechoka."

Alinitazama kwa huruma. Hiyo ndiyo iliyoniumiza. Alinihurumia mimi.

Mchana nilitoka kumpelekea mteja suruali. Niliporudi nikamkuta amesimama mbele ya cherehani, droo iko wazi, kopo liko mkononi. Alikuwa amevimwaga vidonge kwenye kisahani akavihesabu.

"Kumi na vinne," akasema. "Tazama mwenyewe. Kumi na vinne alivyoviacha. Na amevificha kwenye droo yako, ili usivione."

Nilinyoosha mkono. Nadhani nilinyoosha. Yeye akadhani namtuliza, akaushika, akaubana, akaanza kulia. Halafu akatoka uani na kisahani. Nilisikia mlango wa choo. Nilisikia maji ya ndoo.

Sikumfuata. Nilibaki nimeshika kopo tupu kama mtu aliyepewa amshikie mwenzake.

Wakati wa kuondoka alinikumbatia kituoni akasema, "Nisamehe, baba. Nilikuwa sitaki uvione kila siku." Nikamwambia, "Umefanya vizuri, mwanangu."

Zamu yake.

Jumatatu, Aprili 13
Zamu yangu. Hakuna.

Jumatano, Aprili 15
Zamu yangu. Hakuna. Nimechora mstari mweupe nusu, kisha nikaufuta kwa kidole.

Ijumaa, Aprili 17
Mvua kubwa. Watu walikuja hivyo hivyo, viatu mkononi. Mzee mmoja aliteleza kwenye ngazi ya zahanati, akainuka, akaangalia huku kwetu kwanza kabla ya kuangalia goti lake.

Jumanne, Aprili 21
Kesho nitakwenda.

Jumatano, Aprili 22
Bado vifungo tu.

Jumatano, Aprili 29
Vidonda vimerudi mdomoni. Gundi alininunulia maziwa bila kuulizwa, akayaweka kwenye meza ya kukatia.

"Kunywa, unakonda kama sindano. Mwisho utapotea kwenye kitambaa."

"Ni homa ya mvua."

"Mvua inanyesha kwa wote," akasema. Baadaye, akiwa amenipa mgongo, akaongeza, "Mficha maradhi, kilio humfichua." Nikangoja amalizie na mzaha. Hakumalizia.

Jumamosi, Mei 2
Nimeshona pazia leo, siku moja. Mishono midogo, pindo la inchi tatu. Sijawahi kushona kitu vizuri namna hii nikiwa na aibu namna hii. Kazi ya siku moja niliyoichelewesha mwezi mzima.

Jumatatu, Mei 4
Limetundikwa. Buluu iliyokolea. Kutoka kwenye cherehani huoni kitu ila kitambaa changu mwenyewe.

Nikamwambia Gundi, "Sinema imefungwa." Nilitaka acheke kama zamani.

Akasema, "Mimi Ijumaa sikuwa naangalia."

Nikakumbuka. Kila Ijumaa, miaka yote hii, Gundi hugeuza kigoda chake akaelekea ukutani. Husema mwanga ni mzuri zaidi kule. Ukutani hakuna mwanga wowote.

"Siku ile ya kwanza kumwona shemeji pale," akasema, "niligeuka. Nikasema nikimwona tena itabidi nikuambie pole, na wewe hutaki kuambiwa pole." Akagonga msumari. "Ule mzaha wa tairi nilikuwa nautoa ili usijue kama najua. Nilikosea. Ulikuwa mzaha mbaya."

Nilimdhania mtu huyu ubaya miaka miwili, na niliufanya ubaya wake wa kubuni kuwa sababu yangu.

Ijumaa, Mei 8
Nimekwenda.

Nilivuka saa mbili asubuhi, nikakaa kwenye benchi nyuma ya pazia langu. Mwanamke wa pembeni yangu akapapasa pindo, akasema, "Huyu fundi kajitahidi." Nikasema amechelewesha lakini.

Sista alinipima kidole, akanitoa damu mkononi, akachukua fomu.

"Umewahi kumeza dawa hizi?"

"Hapana, Sista."

"Hata siku moja?"

"Hata moja."

Akaandika. Nilisikia kalamu ikipita. Nilikuwa nimejiandaa kukubali ugonjwa, na nikaukubali vizuri, kama mtu mzima. La dawa sikulifikia. Nilipolikaribia nikaona uso wa mwanangu, na choo, na kisahani.

Sista akanipa kopo la vidonge thelathini na maelezo yote. Akasema kwa upole, maana ni mtu mpole ukimzoea, "Mkeo alikuwa mwema sana. Lakini dawa alizichezea. Wewe usifuate njia yake, fundi."

Nikasema, "Ndiyo, Sista."

Naandika tena ili nisije nikajidanganya siku nyingine: nilisema ndiyo.

Jumamosi, Mei 9
Kopo liko mezani. Lina jina langu. Sijalifungua. Sista ameandika kwamba dawa hizi ni ngeni mwilini mwangu, kumbe zimeshanizoea, au virusi vimeshazizoea, sijui. Yeye ndiye anayejua, na nimemnyima cha kujulia.

Jumapili, Mei 10
Mvua mchana kutwa. Nilikaa mbele ya kabati, nikafungua mlango, nikahesabu mistari yake ya buluu, ile iliyolala, kwa kidole bila kuigusa. Nilipoteza hesabu mara mbili. Mara ya tatu nikafika mwisho: mia tatu hamsini na nane. Hakuna pengo. Kuna siku ambayo najua alikuwa na homa hata hakusimama. Mstari wake upo chini kidogo ya mingine, aliuchora akiwa amekaa sakafuni.

Karatasi za Sista zinasema alizichezea. Mlango huu unasema mengine.

Jumatatu, Mei 11
Nimeung'oa mlango wa kabati asubuhi. Skrubu za bawaba zilikuwa na kutu, bisibisi ikaniparua kiganja. Nje mvua inanyesha, na chaki ni chaki, tone moja linafuta mwezi mzima. Nikachukua kitambaa chake cha maua ya njano, nikaufunika mlango bila kuukandamiza, nikazungushia nailoni ya kufungia suti. Nikautoa mpaka barazani, nikasimama. Ni mzito kwa mtu mmoja mwenye homa.

Gundi aliweka kiatu chini. "Unahama?"

"Nakwenda zahanati."

"Na mlango?"

"Na mlango."

Akashika upande wa chini. "Nyuma mimi, mbele wewe. Usikimbie, mimi miguu yangu siyo ya harusi."

Jumatatu ni siku ya presha, ya kweli. Benchi limejaa, watu wakavuta magoti tupite. Bibi mmoja akasema, "Wanaume wa siku hizi wakiugua wanahama na nyumba." Watu wakacheka, hata mimi kidogo. Gundi alisaidia kuuegemeza ukutani kwenye chumba cha Sista, akatoka, akafunga mlango kwa nyuma.

Nikafungua nailoni, kisha kitambaa. Mistari mitano au sita ya ukingoni ilikuwa imefutika. Mingine yote ilikuwepo.

Nikamwambia. Sikupanga maneno. Nilianza na kisahani nikaishia na choo. Nikasema Ijumaa nilidanganya. Nikasema nyeupe ni mimi.

Sista alivaa miwani, akasogea, akafuata mistari kwa kalamu iliyofungwa. Nikasikia bibi wa nje akisimulia habari za mkwe wake mpaka akamaliza.

"Buluu ndiyo yeye?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hakusema?"

"Angesema, ungenifuata ng'ambo."

"Ningekufuata," akasema. Akavua miwani. "Nilimfundisha kumeza. Ijumaa sita nilimfundisha mtu mzima kumeza."

Nikamuuliza lile nililotembea nalo tangu Januari: kama ndilo lililomuua.

"Siwezi kukuambia ndilo," akasema. "Siwezi kukuambia silo. Nikikuambia lolote kati ya hayo nitakuwa nakubembeleza au nakuonea."

Akachukua fomu yangu ya Ijumaa, akaikata kwa mstari, akaandika upya. Damu yangu itapelekwa kipimo kingine, waone kama virusi vimezoea dawa. Wakati tunangoja, nimeze kila siku. Alirudia: kila siku, fundi, siyo kila siku ya pili.

"Na faili lake?" nikauliza.

"Faili la marehemu likishafungwa limefungwa."

Sikuondoka. Sikujua kama nabishana. Nilikuwa tu siwezi kuinuka. Mwisho akavuta kiti, akapanda, akashusha faili kutoka rafu ya juu. Ndani kulikuwa na maneno ya wino mwekundu, mara nne, kwa mwandiko wake: *Hazingatii dawa.* Akafungua ukurasa mtupu wa mwisho, akaandika tarehe ya leo.

"Sema," akasema. "Naandika kama unavyosema."

Nikasema: "Alimeza. Kila zamu yake ilipofika, alimeza. Hakukosa hata moja. Zile nyingine nilikula mimi."

Akaandika yote, akaniwekea kidole mahali pa kutia sahihi.

Zamu yangu. Nilimeza pale pale, kutoka kopo nililokuja nalo mfukoni, kwa maji ya Sista. Sikuinua kidevu.

Jumanne, Mei 12
Nimempigia simu binti yangu saa ya mapumziko ya shule. Nilisikia watoto wakiimba nyuma yake. Nikamwambia vile vile, kisahani mpaka choo. Watoto walimaliza wimbo, wakaanza mwingine. Akasema, "Baba, nilivimwagia maji ndoo tatu." Akakata.

Zamu yake. Nilikaa na kidonge mkononi robo saa nzima. Ilikuwa kama kumnyang'anya tena. Sikumeza.

Jumatano, Mei 13
Gundi anasema mtu akikuachia chakula kwa upendo hakuachii ili kiharibike. Sikumuuliza kajuaje. Zamu yangu, nimemeza.

Alhamisi, Mei 14
Nimemeza.

Jumatatu, Mei 18
Binti hapokei. Mvua inapungua. Nimemeza, na jana, na juzi.

Jumapili, Mei 24
Amekuja bila kuniambia. Alisimama mlangoni na mfuko begani, hakuketi.

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha mlango, nimeurudisha tu kwa kuuegemeza, sijaufunga. Alipiga magoti. Alipita na kidole hewani, juu ya ile ya buluu peke yake, akaruka nyeupe zote kama matundu barabarani. Alipofika kwenye ule mstari wa chini, wa siku ya homa, akasimama.

"Huu ameuchora amekaa," akasema.

"Ndiyo."

"Nilimtukana mbele ya daktari. Nilisema maneno."

"Nilijua ulikosea, nikanyamaza."

"Ulijua." Akakaa juu ya visigino. "Ukaniacha nimchukie miezi minne."

Alilia bila kunitazama, kisha akauliza kitambaa cha maua ya njano ni cha nani. Nikamwambia. Akasema, "Kishone. Kwa kipimo chake. Mimi kitanitosha." Halafu akasema anauchukua mlango.

"Utaupeleka wapi?"

"Kwangu. Pasipo na mvua."

Gundi alituletea kamba. Tuliufunga kwa shuka mbili, na dereva wa pikapu akakubali kuulaza juu ya magodoro. Kabla ya kupanda, binti yangu alirudi hatua mbili.

"Sijakusamehe, baba."

"Najua, mwanangu."

"Leo umemeza?"

"Nimemeza."

Akaitikia kwa kichwa kama mwalimu anayepokea daftari chafu lenye jibu sahihi, akapanda.

Jumanne, Mei 26
Jua, siku ya pili mfululizo. Nimekata kitambaa cha njano.

Kabati halina mlango. Mteja wa asubuhi aliingia ndani kujaribu suruali, akaliona kopo kwenye rafu, na jina langu juu yake. Akalitazama, akanitazama. Nikapiga magoti, nikaendelea kuweka pini kwenye pindo lake.

Leo ilikuwa zamu yake. Nimemeza.